Mwaka wa nne nalea nyasi za prairi mbele ya nyumba, Iowa. Makosa yangu yote haya hapa

Msukuma wa Iowa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Mwezi uliopita mdau mmoja aliuliza kama kuna anayejua nyasi za prairi, yaani zile mbuga za asili za huku katikati ya Marekani, maana amenunua nyumba na kukata ukoka kila Jumamosi kumemchosha. Nilimjibu mistari miwili nikaahidi uzi. Leo theluji imefika magotini, kazini wametuambia tubaki nyumbani, basi naleta.

Nianze na kioja. Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Kwetu nyumba yenye heshima uwanja wake umefagiwa alfajiri, udongo mtupu, mistari ya fagio inaonekana. Majani yakifika mlangoni watu wanauliza kulikoni. Sasa mama alipoona video ya mbele ya kwangu, nyasi zimenifika kiunoni, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, mnaumwa huko?"

Nyasi yenyewe wenyeji wanaiita little bluestem. Mimi humu nitaiita blustemu. Jina la kitaalamu ni Schizachyrium scoparium, na hilo neno la pili limetoka kwenye fagio kwa Kilatini. Ukiona mashina yake yalivyosimama wakati wa baridi, membamba, makavu, yamekaa kwa fungu, huulizi kwa nini. Mama nilimwambia nimepanda mafagio. Akatulia kidogo.

Inakua futi 2 hadi 4, kwa mafungu, haitambai kama ukoka. Kiangazi ni ya kijani chenye usamawati, hasa chini kwenye mashina. Kuanzia mwezi wa 9 inageuka, kwanza shaba, halafu wekundu wa tofali, na mbegu zake zina manyoya meupe. Jua la jioni likipiga kutokea nyuma, utadhani kuna mtu amekoka moto mle ndani. Nebraska waliifanya nyasi ya jimbo lao mwaka 1969, Kansas wakafanya hivyo hivyo 2010.

Kilichonisukuma ni hasira tu. Nilikuwa nahangaika na ukoka unaoitwa Kentucky bluegrass: maji, mbolea, dawa, mashine. Siku moja nikasoma kwamba asili yake wala si Kentucky, uliletwa kutoka Ulaya. Mgeni kama mimi, ila mimi nafanya kazi. Nyasi za hapa hapa ndizo zilizolimwa zikaisha. John Deere alitengeneza jembe lake la chuma kigumu kilichosuguliwa huko Illinois mwaka 1837, jembe lililoweza kukata udongo huu mweusi unaonata, na baada ya hapo Iowa yote ikageuka mahindi na soya. Prairi iliyokuwa imefunika sehemu kubwa ya jimbo, leo iliyobaki haifiki hata asilimia 0.1. Ukitaka kuona ilivyokuwa, nenda hifadhi ya Neal Smith pale Prairie City. Wanairudisha kidogo kidogo, na wamerudisha hadi baisani, wale nyati wa Kimarekani wenye nundu. Mimi nilienda na watoto, baisani tukawaona kwa mbali, lakini nilichorudi nacho kichwani ni nyasi.

Sasa makosa.

Nilianza kama mkulima wa pamba na mahindi ninavyojua: nikachimba, nikamwaga mboji ya kununua na samadi ya kuku, nikapanda trei ya miche 38, nikamwagilia kila jioni. Zikaota kwa furaha ya ajabu. Mwezi wa 8 zilikuwa ndefu kuliko kitabu kinavyosema, nikawa napiga picha kutuma huku na kule. Ikaja mvua moja ya upepo, zikalala zote chini kama mgonjwa. Hazikuinuka tena.

Jirani yangu, bibi mmoja mwenyeji mwenye miaka zaidi ya 70, alikuja akaziangalia, akaniuliza nimezilisha nini. Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika uzio. Akasema nyasi hii inataka jua siku nzima, udongo wa kawaida hata ulio maskini, na mtu anayeiacha. Ukiipa mbolea inarefuka bila nguvu kwenye shina, na nitrojeni unayoimwagia inanufaisha zaidi magugu. Kivulini hivyo hivyo, inajinyoosha kutafuta jua halafu inaanguka. Kitu kingine kinachoiua ni miguu kukaa kwenye maji, hasa wakati wa baridi. Pale chini ya bomba la paa nilipoteza miche 6, yote ilioza shingo, pale shina linapokutana na mizizi.

Nitaendelea jioni, mtoto anadai laptopu yake.

Kijiweni Mbagala

Mkuu, umepanda ndege ukavuka bahari kwenda kulima MAJANI? 😂 Huku Mbagala tunalipa vijana waje kufyeka, wewe unanunua miche.

Shosho wa Minnesota

Kijiweni wacha mtu asimulie. Mimi niko Minnesota miaka kumi na tatu na nimekuwa nikitafuta mtu wa kuongea naye mambo haya kwa Kiswahili, hata siamini.

Swali langu Msukuma: ulianza na miche. Mimi nataka mbegu kwa sababu kiwanja changu ni kikubwa na miche itanimaliza pesa. Na je, ukoka wa zamani uliutoaje? Mzee wangu anataka kupiga dawa, mimi sitaki.

Msukuma wa Iowa

Shosho karibu sana.

Ukoka: sikupiga dawa. Nilikusanya maboksi ya karatasi ngumu kutoka dukani, nikatoa gundi za plastiki, nikayalaza juu ya ukoka majira ya machipuko yanapoisha, nikamwagia maji, nikafunika kwa vipande vya mbao vilivyosagwa, kama inchi 4. Unaacha mpaka mwaka unaofuata. Ukoka unakufa kwa kukosa mwanga na boksi linaoza lenyewe. Wengine hutandaza nailoni nzito wakati wa joto kali, udongo ukajipika. Kwa miche boksi linafaa sana, unatoboa tu na kuchomeka. Kwa mbegu halifai, kwa sababu mbegu lazima iguse udongo, haitaki kukaa juu ya vipande vya mbao.

Mbegu zenyewe ni nyepesi kama pamba, ratili moja ina mbegu zaidi ya laki 2. Ukirusha kwa mkono siku ya upepo, utakuwa umempandia jirani. Changanya na mchanga wenye unyevu, rusha mara mbili, mara ya kwanza kwa urefu wa kiwanja, ya pili kwa upana, kisha kanyaga au pitisha rola. Usifukie zaidi ya robo inchi.

Wakati: ama mwishoni mwa mwezi wa 11 udongo ukishapoa kabisa, mbegu zinalala na theluji juu yake hadi joto lirudi, ama mwezi wa 5 na wa 6. Mimi nilijaribu mwezi wa 4 kwa haraka zangu, udongo ulikuwa bado baridi, zilizoota ni magugu peke yake.

Hapo ndipo penye mtihani. Nyasi hii ni ya joto, kama mahindi. Mwezi wa 4 ukoka wa mtaa mzima umeshakuwa kijani, kwako ni mabua ya kahawia, unaonekana umefiwa na bustani. Using'oe! Inaamka mwezi wa 5 ukiwa unakaribia katikati. Halafu mwezi wa 7 na wa 8, jua likishika, ukoka wa jirani unakauka na kulala, yako ndiyo kwanza inapanda.

Shosho wa Minnesota

Asante. Na mwaka wa kwanza wa mbegu, unaona nini hasa? Maana nimeambiwa nisitarajie kitu.

Msukuma wa Iowa

Unaona magugu, mama. Niseme ukweli. Blustemu mwaka wa kwanza inashughulika na mizizi, juu unaona nyuzi chache za kijani. Mizizi yake ikikomaa inaweza kushuka futi 5 na zaidi, sasa hiyo kazi haifanyiki juu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza magugu yakifika futi 1 unapitisha mashine ukiwa umeinyanyua juu kabisa, inchi 6 hadi 8, ili yasizae mbegu na mwanga ufike chini. Blustemu bado fupi, kisu hakiigusi. Usipalilie kwa kung'oa ovyo, utaondoka na miche yako.

Mimi niliondoka nayo. Nilipalilia kona moja kwa bidii zote, baadaye bibi jirani akaniambia nimeng'oa blustemu na kubakiza gugu linaloitwa mkia wa mbweha. Siku hiyo nilikuwa mpole nyumba nzima. Tangu hapo naangalia hivi: nainama, nashika chini kabisa ya shina. Blustemu pale chini ni bapa, kama imebanwa kwa koleo, na ina usamawati uliofifia. Ukiona jani pana limelala chini na kutambaa kila upande, hilo siyo, toa.

Mutoto wa Uvira

Bandugu salamu. Miye niko Omaha, Nebraska, tangu miaka munane. Ile nyasi niko nayo nyuma ya nyumba, pamoja na dada yake mukubwa, ile inaitwa big bluestem. Ile kubwa inapita kichwa cha mutu, na juu inapasuka vidole vitatu sawa muguu wa dindo. Kwa kiwanja kidogo usiipande, itakumeza.

Ila neno moja Msukuma. Batu wanasema nyasi hizi haziogope ukame. Haiko kweli yote. Kule Lincoln, kwa chuo kikuu cha Nebraska, alikuwako profesa John Weaver, kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo makubwa aangalie mizizi ya prairi inafika wapi. Ukame mukali wa 1934 ulipokuja, blustemu ndogo ndiyo ilikufa sana, ile kubwa ikavumilia zaidi kwa sababu mizizi yake inashuka chini kupita. Kwa hiyo jua likikaa wiki nyingi bila mvua, miche ya mwaka wa kwanza na wa pili uipe maji. Usikae unangoja eti ni ya asili.

Msukuma wa Iowa

Mutoto wa Uvira, hapo umenisahihisha na napokea. Ndugu zetu wa bara wasichanganyikiwe, dindo ni bata mzinga.

Kwa upande wangu miche ya mwaka wa kwanza naipa maji mara moja kwa wiki mvua isiponyesha, maji mengi kwa mkupuo, siyo kunyunyiza. Mwaka wa pili nikiona majani yamejikunja tu. Baada ya hapo bomba nimelikunja stoo.

Shosho wa Minnesota

Sasa swali ambalo linanikosesha usingizi: mji. Hapa kwetu kuna sheria ya urefu wa majani. Wewe ulifanyaje?

Msukuma wa Iowa

Hahaha, nilijua litakuja.

Nililetewa barua. Mji sitautaja. Barua inasema majani yangu yamezidi inchi zinazoruhusiwa na nina siku kadhaa za kuyakata, nisipokata watakuja kukata wao na bili niletewe mimi. Sikulala. Unajua sisi wageni barua ya serikali inavyotushika tumbo, hata ikiwa ni ya majani.

Asubuhi nikapiga simu. Yule mama wa ofisini alikuwa mwema, akaniuliza swali moja tu: hayo ni magugu yaliyojiotea au ni bustani uliyopanda? Nikamwambia nimepanda, nina hata risiti. Akasema basi tuma maelezo na picha, na ufanye ionekane imepandwa.

Nimelifikiria hilo neno kuliko yote kwenye safari hii. Nyasi haikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni pembeni yake. Nilikata ukanda wa ukoka wa futi 3 kuzunguka eneo lote, nikaunyoa kama nywele za mwanafunzi. Nikapanga mawe ukingoni. Nikaacha njia nyembamba katikati. Zile zilizolala nilizihamisha, na karibu na barabara nikaweka aina iliyochaguliwa kwa kusimama wima, inaitwa 'Standing Ovation'. Katikati nikachanganya maua ya hapa hapa, ekinasia na liatrisi, na ile Asclepias tuberosa ya rangi ya chungwa ambayo viwavi wa vipepeo vya monaki wanaila. Nikachomeka na kibao kidogo kwamba hapa ni bustani ya mimea ya asili. Barua haijarudi. Watu wanasimama kupiga picha sehemu ile ile iliyoshitakiwa.

Kwa hiyo Shosho, kabla hujapanda soma sheria ya mji wako, na ukingo uwe wa kwanza kutengenezwa. Mimi niliufanya mwisho.

Ng'ombe Kumi

Wakuu, nimepita. Mimi ni bwana mifugo, niko Karatu, nyasi ndizo zinazonilisha. Kijiweni acha kucheka, hii blustemu ni ukoo mmoja na nyasi za kwetu. Ile Themeda triandra inayogeuka nyekundu Serengeti kiangazi kikianza, blustemu ya Msukuma, mahindi, mtama na muwa, wataalamu wote wamewaweka kabila moja, Andropogoneae. Ndiyo maana anasema inaamka na joto kama mahindi. Hata rangi ile ya shaba, ukitazama Themeda iliyokomaa utasema wamegawana nguo.

Swali: moto mnatumia? Kwetu nyasi ya namna hiyo bila kuchungwa wala kuchomwa inajisonga yenyewe, mabua ya zamani yanazuia machipukizi.

Msukuma wa Iowa

Bwana mifugo umegusa penyewe. Moto ndio uliokuwa ukiitunza prairi. Radi, na zaidi wenyeji wa asili, Waosage, Wakansa na wengine, walichoma makusudi ili machipukizi yavute baisani. Leo hii kwenye vilima vya Flint Hills huko Kansas wafugaji bado wanachoma kila mwaka majira ya machipuko, usiku vilima vinaonekana vimevaa shanga za moto.

Mimi mjini siwezi, nyumba ni za mbao na zimebanana, na bila kibali utalala ndani. Nakata. Lakini siyo msimu wa majani kupukutika kama majirani wanavyotaka. Naacha zisimame baridi yote, kwanza kwa uzuri, pili kuna ndege wadogo wa kijivu wanashinda humo wakiokota mbegu juu ya theluji. Nakata mwishoni mwa mwezi wa 3, kabla chipukizi halijatoka, nabakiza inchi 4 hadi 6.

Mbinu yangu: funga kila fungu kwa kamba kama mganda wa mpunga, halafu kata chini kwa mundu. Linatoka zima, hakuna fujo. Mundu nilinunua Kariakoo nikaufunga ndani ya kanga kwenye sanduku, uwanja wa ndege walinifungua wakauangalia, wakaniangalia, wakafunga. Mafungu mawili nilimpelekea mama. Kweli yanafagia, ila hayafikii chelewa.

Shosho wa Minnesota

Kuhusu kuacha zisimame naunga mkono. Huku kwetu kuna kipepeo mdogo anaitwa Dakota skipper, serikali ya Marekani ilimwingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya viumbe vinavyotishiwa, na kiwavi wake anakula blustemu. Sidhani atakuja kwangu mjini, ni wa prairi halisi, lakini nikimkumbuka sioni haja ya kunyoa kila kitu.

Kijiweni Mbagala

Sawa nimeshindwa, nyasi ni nzuri. Mkuu nitumie basi mbegu robo kilo kwenye bahasha, nina kiwanja Chanika, nitaotesha niuze kwenye mahoteli. Majani ya Marekani, unajua yatakavyouzika!

Ng'ombe Kumi

Kijiweni, hapana. Kwanza mbegu kuvuka mpaka zina vibali vya afya ya mimea, bahasha ya kificho ni kosa. Pili jifunze kwa wenzetu. Cenchrus ciliaris ni nyasi ya huku kwetu Afrika, ng'ombe wanaipenda sana. Wamarekani waliipeleka kwao kwa malisho, leo inasambaa jangwa la Sonora huko Arizona na kuleta moto kwenye kakti ambazo hazijazoea kuungua. Nyasi njema kwake, balaa kwa mwenzie. Unataka nyasi nyekundu ya kuuzia mahoteli, ipande Themeda, ni ya hapa hapa na nyumbu wameshaihakiki.

Kijiweni Mbagala

Nyumbu wameshaihakiki 😂😂 Nimekubali bwana mifugo, nakuja PM.

Mutoto wa Uvira

Msukuma, fungu langu moja limekufa katikati, limebaki sawa pete. Ni ugonjwa?

Msukuma wa Iowa

Siyo ugonjwa, ni uzee. Ngoja mwezi wa 5 chipukizi zikifika kama inchi 2 au 3, chimbua fungu lote kwa sepetu, ligawe vipande vitatu au vinne kutoka pembeni kwenye uhai, katikati palipokufa tupa. Panda kila kipande futi moja na nusu mbali na mwenzie, kina kile kile kilichokuwa, na vipande vya mbao usivirundike shingoni. Hapo tu maji uyatoe bila ubahili mpaka zishike. Usigawe msimu wa kupukutika, baridi itazikuta hazina mizizi.

Na Shosho, nina mbegu za mwaka huu, nilizikwangua kwa vidole mwezi wa 10 manyoya yalipofunguka na zikawa zinatoka bila kuvutwa. Lakini uko mbali kaskazini, bora utafute muuzaji wa Minnesota mwenye mbegu za eneo lako, zimeshazoea baridi yenu. Ukikosa kabisa niambie. Nimezihifadhi kwenye mfuko wa kaki chini ya ngazi za stoo. Za mwaka juzi niliziweka kwenye nailoni, zikaota ukungu zote.